KORONA HAIKUFUNGA VIRAGO: BUYENZI, CHANJO NA ASKARI WA ZAMU

Mtaa wa Buyenzi, ulio ukingoni mwa mto Ntahangwa jijini Bujumbura, ni mtaa wa watu kukutana. Barabara zake zimenyooka na kupewa namba tangu enzi za ukoloni wa Kibelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura na Waswahili waliotoka Tanganyika na Manyema walipotengewa mahali pao pa kukaa. Hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya uani, ya msikitini, ya gereji na ya sokoni. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na si ajabu ua mmoja kuwa na familia tatu au nne zinazochota maji kwenye bomba moja. Hapo ndipo lilipo soko la Ruvumera, ambalo lilizidi kufurika watu baada ya Soko Kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Mwenye kutaka kitenge, mwenye kutaka samaki wa ziwani na mwenye kutafuta kipuri cha gari la zamani, wote hupitana humo bega kwa bega.

Ndugu askari, katika mtaa wa namna hii maradhi yanayosafiri kwa pumzi hayapati taabu ya kutafuta njia. Na katika mtaa huo huo ndimo wengi wetu tunamopita kila siku: polisi wa doria, askari anayerudi likizo kwa mama yake, dereva wa gari la kikosi anayefuata fundi wa breki. Kwa hiyo swali la makala haya si la madaktari peke yao. Je, ugonjwa wa korona umekwisha? Na kama haukwisha, mtu mwenye sare anaishi nao vipi katika nchi ambayo chanjo zilifika kwa kuchelewa na watu wachache mno wakazipokea?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si hali ya dharura ya kimataifa tena. Wengi walilisikia tangazo hilo redioni wakalielewa kuwa ni tangazo la ushindi. Sivyo lilivyokuwa. Kilichofutwa ni hali ya dharura. Kirusi chenyewe kilibaki, kikaendelea kujibadilisha katika ukoo ule wa Omikroni uliogunduliwa kusini mwa Afrika mwezi Novemba 2021. Yeyote aliyesoma mambo ya vita anaifahamu tofauti iliyopo kati ya kusimamisha mapigano na kumfukuza adui nchini. Kinga aliyoipata mtu kwa kuugua au kwa kuchanjwa hupungua baada ya miezi, na ndiyo sababu mtu mmoja huweza kuugua mara mbili, tatu na zaidi.

YALIYOPITA NA MAFUNZO YAKE

Si haki kuzungumzia ya leo bila kutazama tulikotoka. Tarehe 31 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati ule, Dakta Thaddée Ndikumana, aliwatangaza wagonjwa wawili wa kwanza, Warundi waliokuwa wamerejea kutoka Rwanda na Dubai. Wakati nchi jirani zilikuwa zikifunga maduka na mabasi, Burundi haikuwafungia watu ndani. Mwanzoni mwa Aprili 2020 ilikuwa miongoni mwa nchi chache sana duniani ambazo ligi yake ya kandanda ilikuwa bado inachezwa, watazamaji wakinawa mikono langoni kisha wakikaa wamebanana. Wakubwa walisema hadharani kwamba Mungu anailinda Burundi. Kampeni za uchaguzi zikaendelea kwa mikutano mikubwa, na siku chache kabla ya kura ya tarehe 20 Mei 2020, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani pamoja na wataalamu wenzake watatu wakaamriwa kuondoka nchini.

Tarehe 8 Juni 2020 alifariki Rais Pierre Nkurunziza. Serikali ilieleza kwamba moyo wake ulisimama. Uvumi mwingine ulioenea wakati ule haukuthibitishwa, na hapa hatuna kazi nao.

Rais aliyemfuata, Évariste Ndayishimiye, alibadili lugha. Tarehe 30 Juni 2020 aliutaja ugonjwa wa korona kuwa adui mkubwa wa Burundi, bei ya sabuni ikapunguzwa kwa nusu, ya maji nayo ikashushwa, na mwezi Julai likaanza zoezi la kupima watu wengi kwa pamoja. Kwa askari, amri iliyo wazi ni nusu ya kazi. Walioupuuza ugonjwa mwezi Mei walinawa mikono mwezi Julai, kwa kuwa amri ilikuwa imetoka juu.

Lakini palikuwa na ufa. Silaha iliyogawiwa ilikuwa sabuni, na adui alikuwa akipita hewani. Katika hili Burundi haikukosea peke yake. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliutangazia ulimwengu mwezi Machi 2020 kwamba korona haienezwi kwa hewa, na likachukua mwaka mzima na zaidi kabla ya kukubali waziwazi kwamba chembe ndogo za pumzi huelea katika chumba kisicho na upepo na kumfikia mtu aliye mbali. Sabuni ni kitu chema, hususan kwa kipindupindu na maradhi ya ngozi. Ila hakuna anayeiosha hewa ya bweni kwa sabuni.

CHANJO ILIPOKUJA

Mwezi Februari 2021 Waziri wa Afya alisema Burundi haikuwa na haja ya chanjo, kwa kuwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 walikuwa wakipona. Inawezekana hesabu ile ilikuwa sahihi. Hata hivyo ilijibu swali jingine.  Chanjo hupewa hata yule ambaye bado hajaugua, ili zamu yake itakapofika asilale kitandani akitafuta pumzi. Kamanda hasubiri kuhesabu majeruhi ndipo aagize kofia za chuma.

Burundi haikuwa na msimamo huo peke yake katika Afrika ya Mashariki. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwishoni mwa Aprili 2020, hesabu ikiwa imefika wagonjwa 509 na vifo 21, na mwezi Januari 2021 Rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo mbele ya umati huko Chato. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Februari 2021, Zanzibar ilimpoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimeeleza bila kificho kwamba alikuwa na korona. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Rais Magufuli naye alifariki tarehe 17 Machi 2021, na serikali ikataja maradhi ya moyo. Aliyempokea, Rais Samia Suluhu Hassan, alichanjwa mbele ya kamera tarehe 28 Julai 2021, na kuanzia hapo Tanzania ikashika njia nyingine.

Upande wa pili wa ziwa, Kongo ilipokea takriban dozi milioni 1.7 za AstraZeneca mwezi Machi 2021, ikasitasita, na hatimaye ikazirudisha karibu milioni 1.3 ili nchi nyingine zizitumie kabla hazijaharibika. Hapo yafaa pia kusema ukweli kuhusu wakubwa wa dunia. Nchi tajiri ziliagiza dozi zaidi ya idadi ya watu wao, na India, iliyokuwa ikitegemewa na mpango wa pamoja wa COVAX, ilizuia kusafirisha chanjo mwezi Machi 2021 ilipozidiwa na wagonjwa wake yenyewe. Aliyekuwa tayari kuchanja barani Afrika aliambiwa asubiri, na aliyekuwa hataki alipata kisingizio.

Hatimaye, tarehe 14 Oktoba 2021, dozi 500,000 za chanjo ya Sinopharm kutoka China ziliwasili Bujumbura, na siku nne baadaye uchanjaji ukaanza kwa hiari. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho kabisa duniani kufanya hivyo. Sinopharm ni chanjo ya mtindo wa zamani, yaani kirusi kilichouawa na kuingizwa mwilini ili mwili ukitambue. Mtu huhitaji dozi mbili, ya pili baada ya wiki tatu hadi nne. Majaribio yalionyesha kwamba ilizuia ugonjwa wenye dalili kwa kiasi cha asilimia 79, ijapokuwa wazee walioshiriki katika majaribio hayo walikuwa wachache. Dozi nusu milioni zingetosha watu 250,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 12.

Hata hizo hazikupata mikono. Hadi mwisho wa mwaka 2022 Warundi waliokuwa wamekamilisha chanjo hawakufika hata mmoja katika kila mia.

Msomaji asidhani kwamba Warundi ni watu wasiopenda chanjo. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Kwa miaka mingi Burundi imekuwa mfano barani kwa akina mama wanaowapeleka watoto kuchanjwa surua, pepopunda na donda koo. Katika miaka mingi watoto tisa na zaidi kati ya kumi wamepata sindano zao tatu za mwanzo. Mama wa Buyenzi huitunza kadi ya mtoto pamoja na hati ya ndoa. Basi kwa nini mama huyo huyo aikatae sindano ya korona? Kwa maoni ya mwandishi, ni kwa sababu kwa miezi mingi alikuwa ameambiwa na watu wazima wenye mamlaka kwamba haina haja, kisha akaambiwa kwa sauti ya chini kwamba anayetaka anaweza kwenda. Imani ya wananchi haipinduki kwa tangazo la siku moja. Tunalifahamu hili sisi tunaofanya kazi ya uhusiano: neno la kwanza hukaa, neno la kusahihisha hupita.

UTAFITI HAUKUSIMAMA

Yafurahisha kuona jinsi watu wa sare walivyoshiriki katika kutafuta chanjo, na habari hii haijulikani sana. Huko China, mwanamke mwenye cheo cha meja jenerali, Chen Wei wa Chuo cha Sayansi za Tiba za Kijeshi, aliongoza utafiti wa mojawapo ya chanjo za kwanza duniani kujaribiwa kwa binadamu. Jaribio la mwanzo lilifanyika Wuhan mwezi Machi 2020 kwa watu 108 waliojitolea, na mwezi Juni mwaka ule ule jeshi la China liliruhusiwa kuitumia kwa askari wake. Chanjo hiyo baadaye ilitengenezewa namna ya kuvutwa kwa mdomo kama mvuke, na mwezi Septemba 2022 China ikaikubali itumike kuongeza kinga. Mwezi huo huo India nayo ilikubali chanjo ya matone ya puani.

Haya ya pua na mdomo yana maana kubwa. Chanjo za begani zimefanya kazi njema ya kupunguza vifo na ugonjwa mkali, lakini hazikuweza kwa muda mrefu kuzuia mtu asiambukizwe na asiambukize. Ni sawa na ngome yenye walinzi hodari ndani na lango lililo wazi. Watafiti wanataka kuweka mlinzi langoni, yaani kwenye ngozi laini ya pua na koo, mahali kirusi kinapoingilia. Bado haijathibitika kwamba chanjo yoyote ya namna hiyo inaweza kukomesha maambukizo kwa watu wengi.

Huko Marekani, Taasisi ya Utafiti ya Jeshi iitwayo Walter Reed ilianza mwezi Aprili 2021 kuijaribu kwa binadamu chanjo iliyobuniwa ili ipambane na aina nyingi za kirusi kwa wakati mmoja. Katika Afrika ya Mashariki, watafiti wa KEMRI na Wellcome huko Kilifi walianza mwaka 2020 kuijaribu chanjo ya Oxford kwa Wakenya waliojitolea. Cape Town, kampuni ya Afrigen ilichaguliwa mwaka 2021 kuwa kituo cha kufundisha nchi maskini utengenezaji wa chanjo kwa teknolojia ya mRNA, ile ile iliyowapatia Katalin Karikó na Drew Weissman Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Kisha siasa ikaingia tena, safari hii mbali na kwetu. Mwezi Agosti 2025 serikali ya Marekani ilifuta miradi 22 ya utafiti wa chanjo za mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500. Mpango wa COVAX nao ulikuwa umekwisha kufungwa tangu mwisho wa mwaka 2023. Yaani wanasayansi wameikaribia silaha iliyo bora zaidi, nao wenye fedha wanafunga ghala. Msomaji wa Buyenzi asiyepata hata dozi ya zamani ana haki ya kuuliza ile mpya itamfikia lini, na mwandishi hawezi kumpa tarehe.

KIJANA WA KOMBANIA NA MAMA YAKE

Mwezi Machi 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipanga upya nani aangaliwe kwanza kwa chanjo. Waliwataja wazee, wenye kisukari na maradhi ya moyo, wenye kinga dhaifu ya mwili, wajawazito na watumishi wa afya. Kijana mwenye afya hakuwekwa mbele. Kwa hiyo askari wa miaka 25 anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi asijione ameonewa.

Lakini kijana huyo ndiye mchukuzi. Juma zima amelala bwenini na wenzake arobaini, mmoja akikohoa. Jumamosi anapata ruhusa, anapanda basi dogo hadi Buyenzi, anamkuta mama yake mwenye kisukari, anakaa naye chumba kimoja chenye dirisha dogo, anakula naye sahani moja na kumsimulia habari za kambi. Yeye mafua yake yatakwisha Jumanne. Mama huenda akaanza kuhema siku ya Alhamisi, na mtoto hatajua kamwe ni nini alichompelekea pamoja na kilo mbili za mchele. Hapa ndipo uzito wa jambo hili ulipo kwa mtu wa sare. Korona ya leo haitishi sana kwa idadi ya askari itakaowaua. Inatisha kwa sababu askari hutoka katika msongamano wa kambi na kuingia katika msongamano wa nyumbani, na hakuna kati ya pande hizo mbili aliyekingwa vya kutosha.

Hilo si jambo geni. Homa kuu ya mwaka 1918 ilisafiri katika Afrika ya Mashariki pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao vita vikiisha, kwa reli na kwa bandari. Katika makambi ya Marekani mwaka ule madaktari wa jeshi waliamuru vitanda vipangwe kichwa kwa miguu, mmoja akilalia kaskazini na jirani yake kusini, na mashuka yatundikwe katikati. Mwaka 2020, pamoja na sayansi yote ya zama hizi, manowari ya Kimarekani Theodore Roosevelt na ile ya Kifaransa Charles de Gaulle zilishikwa baharini, kila moja ikiwa na wanamaji zaidi ya 1,000 walioambukizwa. Hizo ni meli zinazobeba ndege za kivita, na zote mbili zililazimika kukatiza kazi zake. Nahodha wa Theodore Roosevelt, Brett Crozier, aliyeandika barua kuomba watu wake wateremshwe, alivuliwa uongozi wa meli hiyo.

ASIYEWEZA KUKIMBIA

Kuna jambo moja ambalo makamanda wa vikosi wanapaswa kulisoma mara mbili. Baadhi ya watu wanaougua korona, hata wale walioumwa kidogo tu, hawarudi kuwa walivyokuwa. Shirika la Afya Duniani limeieleza hali hiyo kuwa ni dalili zinazoonekana miezi mitatu tangu kuugua, zenye kudumu walau miezi miwili, na zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, kukosa pumzi, akili kuwa nzito, moyo kwenda mbio. Dalili iliyo mbaya kwa mtu wa jeshi ni ile ya kuzidiwa baada ya kazi: mtu hufanya mazoezi Jumatatu akaonekana mzima, kisha Jumatano hawezi kuinuka kitandani.

Sasa mfikirie sajenti wa zamu. Mbele yake amesimama kijana ambaye mwezi uliopita alikuwa wa kwanza katika mbio, na leo anaomba kupumzika kabla ya kilomita ya pili. Hana homa. Hana jeraha. Mapafu yakisikilizwa ni safi. Katika desturi yetu, kijana huyo ana jina moja tu, nalo ni mtegaji, na dawa yake ni kurushwa kichura hadi jasho limtoke. Kama kweli anatega, dawa hiyo itamfaa. Kama ana ugonjwa huo, kila adhabu humrudisha nyuma zaidi, na jeshi linaweza kumpoteza mtu liliyemfundisha kwa gharama kubwa.

Kuwatenganisha hawa wawili kunawezekana. Mtegaji huchoka kabla ya kazi, na hupona saa ya chakula. Mgonjwa wa namna hii aghalabu hujilazimisha, hufanya, kisha huanguka siku moja au mbili baadaye, tena huona aibu kusema. Daftari la wagonjwa la kikosi, likitunzwa vizuri, litaonyesha kama aliumwa mafua au homa miezi michache iliyopita. Amfikie mganga kabla hajafika kwenye uwanja wa adhabu, na akirudishwa mazoezini, arudishwe kidogo kidogo. Kwenye chuo cha makadeti mwandishi alifundishwa na mkufunzi mmoja kwamba asubuhi kamanda husoma orodha ya wagonjwa kabla ya orodha ya risasi. Wakati ule lilionekana neno la kuchekesha.

SELO, KIZUIZI NA BWENI

Kwa polisi, mahali pa hatari ni selo. Gereza la Mpimba hapa Bujumbura lilijengwa kwa ajili ya watu 800, na kwa miaka mingi limekuwa likiwaweka watu maelfu. Vyumba vya mahabusu katika vituo vidogo navyo havikujengwa kwa kufikiria hewa. Mahabusu anayekohoa akitengwa mapema na kuvalishwa barakoa, anayesalimika wa kwanza ni mlinzi wake, maana mahabusu hukaa siku mbili na mlinzi hukaa mwaka mzima. Kwenye kizuizi cha barabarani hatari ni ndogo, kwa kuwa upepo hufanya kazi. Askari aliyesimama nje akikagua hati haihitaji barakoa kama anavyoihitaji akiwa ndani ya gari la doria lililofungwa vioo na wenzake sita.

Mapema mwaka 2025 askari na polisi wetu waliwapokea makumi ya maelfu ya Wakongo waliovuka mto Rusizi kukimbia vita, wengi wao wakikusanyika katika uwanja wa mpira wa Rugombo mkoani Cibitoke. Watu walilala wamebanana, mvua ikinyesha, maji yakiwa haba. Wakati huo huo Burundi ilikuwa bado inapambana na mpox, iliyothibitishwa nchini mwezi Julai 2024, na misaada ya Marekani ilikuwa imesimamishwa tangu Januari. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza nani ana korona. Katika mazingira ya namna hiyo korona haigunduliwi, bali huhesabiwa pamoja na mafua na malaria.

Malaria yenyewe yataka neno lake. Kila homa kwetu huitwa malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na mara nyingi jina hilo ni sahihi. Lakini homa yenye kikohozi na koo kuwasha, isiyoonyesha vijidudu vya malaria kwenye damu, isiachwe hivi hivi eti kwa kuwa dawa ya malaria ndiyo iliyopo. Mwenye homa hiyo alale mbali na wenzake siku tano hivi, asiende kwa mama yake wiki hiyo, na akilazimika kwenda akae naye uani na si chumbani.

Limebaki suala la madirisha. Hewa inayopita ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote kwa bweni lenye watu arobaini, na mabweni mengi yana madirisha ya kutosha. Ila yanafungwa usiku. Ukimwuliza mkuu wa bweni, atakujibu bila kusita kwamba ni kwa ajili ya mbu, na jibu lake ni la haki, kwa kuwa askari mwenye malaria naye hafai zamu. Kikosi kisichaguliwe kati ya mbu na korona. Fremu ya mbao iliyokazwa wavu wa chuma hukubali upepo na kumkataa mbu, na huwekwa mara moja ikadumu miaka. Kwa bweni moja, hiyo ni kazi ya siku mbili kwa fundi seremala mmoja na msaidizi wake, na katika barabara zile zenye namba za Buyenzi mafundi seremala hawakosekani.